Ni Nani Aloichora?

Shangazi aliishika simu yangu kwa ncha za vidole viwili, maana vingine vilikuwa vimeloa hina. Ilikuwa Alhamisi alasiri, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, chumba cha ndani, feni inazunguka kwa uvivu kama inayolipwa kwa mwezi. Aliisogeza simu mbali na uso, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Miwani yake ilikuwa juu ya kabati na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Kwenye simu kulikuwa na ua. Limefunguka kutoka kitovu kimoja, nyuzi zake nyembamba kama unyoya wa ndege, buluu iliyokolea ndani, kisha zambarau, kisha dhahabu, na pembeni kabisa kijani ambacho mpaka leo sijakipatia jina.

"Ni nani aloichora?"

"Haikuchorwa, shangazi. Ni vitamini C. Nimeikausha juu ya kioo nikaipiga picha kwa hadubini."

Alinitazama vile anavyomtazama muuza hina aliyechanganya unga wake na rangi ya nywele.

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza ni nani aloichora."

Akanirudishia simu, akaugeukia mkono wa mteja wake. Kwake yeye maneno yalikuwa yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Yamenikaa wiki sita.

Kalkuleta iliyokufa

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua hadubini yangu, na kisa cha kuivusha feri ya Likoni ikiwa imefungwa kwenye leso mnakijua pia, kwa hivyo sikirudii. Nisichowahi kusimulia ni vile vichujio.

Hadubini ya kawaida haioni ninachokiona mimi. Inahitaji polaraiza mbili: moja chini ya kioo cha sampuli, kati yake na taa, na ya pili juu, kabla mwanga haujafika jichoni. Za dukani zina bei yake. Zangu zimetoka ndani ya kalkuleta iliyokufa. Kioo cha kalkuleta kimebandikwa utando wa plastiki mbele na nyuma, na tando hizo ndizo polaraiza zenyewe. Fundi mmoja wa simu wa Digo Road alinibandulia kwa wembe, akaisugua gundi kwa kitambaa chenye petroli, akakataa pesa. Alichotaka ni kujua tu naokoa nini ndani ya takataka ile.

Nikampandanishia tando mbili mbele ya taa yake. Zikielekea upande mmoja, mwanga ulipita. Nikaugeuza mmoja robo duara.

Giza.

Vitu viwili, kila kimoja ukikitazama peke yake unaona hadi ng'ambo, ukivikingamanisha vinazima taa. Fundi alisema "Subhanallah," kisha akaniomba nirudie. Nikarudia mara nne. Mteja wa simu iliyoingia maji alingoja.

Mwanga ni mtikisiko, na mwanga wa taa au wa jua hutikisika pande zote. Utando ule hupitisha mtikisiko wa upande mmoja na kuuzuia mwingine. Utando wa pili ukikingama na wa kwanza, hata kile kilichobaki kinazuiwa. Sasa weka fuwele ya vitamini C, yaani unga wake ulioganda kwa mpangilio, katikati ya hizo mbili. Fuwele huugawa mwanga njia mbili, na njia hizo hazina mwendo mmoja: huku wapita upesi, kule unachelewa. Zikikutana tena kwenye utando wa juu, baadhi ya rangi zinafutana na nyingine zinatiana nguvu. Fuwele ikiwa nene, uchelewaji ni mkubwa na rangi ni nyingine. Ikiwa nyembamba, nyingine tena. Ndiyo maana ua moja lina rangi nne.

Na vitamini C yenyewe haina rangi. Ni unga mweupe. Naiuza kila siku katika duka la dawa ninamofanya kazi.

Hizi tando nazo zina ukoo wa ajabu. Mwaka 1852, mjini Bristol, Uingereza, mwanafunzi wa daktari William Bird Herapath alidondosha iodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini, dawa ya malaria. Vikatokea vifuwele vya kijani vinavyong'aa. Herapath akaviweka chini ya hadubini, akaona kwamba vinapopandana, mahali pengine panakuwa peupe na pengine peusi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1929, Edwin Land wa Marekani aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya utando wa plastiki uliojazwa vifuwele vya aina hiyo, vimelazwa vyote upande mmoja. Za siku hizi ni plastiki iliyovutwa na kutiwa iodini. Mbwa hahitajiki tena.

Shangazi sijamwambia habari za mkojo wa mbwa. Kuna maneno yanangoja wakati wake, na kuna mengine hayana wakati.

Kusi

Ungedhani picha kama zile zinatoka kila siku. Hazitoki.

Unayeyusha chembe ya unga kwa matone ya maji na spiriti, unadondosha tone juu ya kioo, unalitandaza liwe jembamba, unangoja. Katika nchi kavu labda wanangoja saa moja. Mombasa, tena kusi likivuma na mvua za masika zikinyesha, tone linabaki vile vile kama asali, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hewa yetu ina maji kuliko hilo tone. Nimewahi kuamka nikakuta sisimizi wamefika kabla yangu.

Nimekuwa nikiokota vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, naviweka pamoja na vioo ndani ya mkebe wa biskuti. Husaidia. Ila hata vikikauka, kumi natupa kabla ya kupata kimoja, kwa sababu vingi vinakuwa vumbi tupu lisilo na umbo.

Hapo ndipo swali la shangazi lilipoanza kuniuma kweli. Kama ni mimi niliyechora, mbona siwezi kuchora nikitaka? Yeye akiambiwa "shangazi, nataka mkono wa maua madogo hadi kwenye kiwiko," anashika koni na maua yanatoka. Mimi nangoja. Mtu anayengoja anaitwaje? Mvuvi, pengine. Na mvuvi haambiwi ameumba samaki.

Basi nikaanza kujibu kwa adabu kwamba "ni kazi ya Mungu, mimi ni mpiga picha tu." Ni jibu zuri, watu hulipenda, wanaweka moyo mwekundu. Mimi mwenyewe halikunitosha. Lilikuwa na harufu ya kukwepa.

Chumvi

Nikahamia jikoni. Sukari iling'aa vizuri, vipande vya machungwa na samawati vyenye kona kali. Magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage, yaliyotoka kule Ziwa Magadi, yaliwaka kuliko sukari, sikutegemea. Nilikwangua hata chokaa ya ukuta wa shangazi, akanikuta na kisu mkononi nikalazimika kueleza. Chokaa iliyokwisha kukaa ukutani hurudi kuwa kalisaiti, fuwele ile ile ambayo Mdenmaki Erasmus Bartholin mwaka 1669 aliona ikikifanya kila kitu kilicho nyuma yake kionekane viwili. Inaugawa mwanga kwa nguvu mno hata rangi zinajazana na kugeuka weupe wa lulu wenye dalili kidogo ya waridi na kijani. Nyumba zote za matumbawe za Mji wa Kale, na Ngome ya Fort Jesus pale, zimebeba lulu hiyo ukutani, na sisi tunapita tukilalamika kwamba ukuta unamomonyoka.

Kisha nikaweka chumvi.

Nyeusi.

Nikageuza kioo. Nyeusi. Nikadhani nimesahau kuwasha taa, nikatoa utando wa juu: vimraba vizuri, vilivyonyooka kama vigae, vingine vimebonyea katikati ngazi kwa ngazi kama paa la nyumba lililopinduliwa. Nikarudisha utando: hakuna kitu. Nikajaribu shabu, ile ya vinyozi. Nayo nyeusi.

Sababu inaelezeka. Fuwele za chumvi na za shabu zimepangika sawasawa pande zote, mfano wa dadu. Mwanga ukipita humo, mwendo ni mmoja popote uelekeako, haugawanyiki, hakuna wa kumngoja mwenzake. Unatoka ulivyoingia na utando wa juu unauzuia. Kanuni hii niliijua. Niliisoma, nikajibu mtihani, nikapata alama.

Lakini kuijua ni kitu kimoja, na kukaa saa nane za usiku ukitazama chumvi ya Gongoni ikikataa kuonekana ni kingine. Chumvi si mbaya kwa sura. Nimetoka kuiona sasa hivi, ina paa zake na ngazi zake. Chombo changu tu ndicho hakina habari nayo. Basi mimi miaka yote hii nikisema "tazameni uzuri uliofichika ndani ya vitu," nilikuwa nawaonyesha uzuri wa vitu vinavyokubaliana na kalkuleta iliyokufa.

Nikafunika hadubini kwa leso. Siku kumi na mbili sikuigusa.

Selotepu

Niliirudia kwa sababu ya ubishi tu. Katika kundi letu la WhatsApp la familia, binamu yangu mmoja aliandika kwamba picha zangu ni filta. Akaweka na kikaragosi cha kucheka.

Nikataka kumjibu kwa ukali, kisha nikatambua kwamba neno lake ni sahihi kabisa. Ni filta. Ni filta mbili.

Tena kuna jambo sikuwa nimewaambia wasomaji, nalikiri hapa. Baadhi ya picha zangu, zile za samawati na dhahabu mnazozipenda, zina kipande cha selotepu. Selotepu nyingi zinazoonyesha ng'ambo zimevutwa kiwandani, na kwa hivyo nazo huugawa mwanga. Ukitega kipande kati ya polaraiza mbili, pamoja na fuwele, rangi zote zinahama: kijivu kinakuwa buluu, njano inakuwa waridi. Ukikigeuza, zinahama tena. Naweza kulichukua ua moja nikalivika nguo nne kabla chai haijapoa.

Wanajiolojia hawafanyi mchezo huo kwa mapenzi. Wao husaga jiwe mpaka libaki unene wa milimita 0.03, wote unene mmoja, na tangu mwaka 1888 wanalo jedwali la rangi la Mfaransa Auguste Michel-Lévy: rangi fulani, unene fulani, basi madini ni haya. Kwa unene huo kwatzi, madini ya mchanga wa kawaida, ni ya kijivu au nyeupe, haina la kujivunia. Kwao rangi ni kipimo. Kwangu imekuwa nguo ya Idi.

Sioni aibu ya selotepu. Ninachoona aibu ni ile "kazi ya Mungu, mimi ni mpiga picha tu," huku mkono wangu uko ndani hadi kwenye kiwiko.

Sikumjibu binamu.

Pini

Nilimwita shangazi nyumbani. Alikuja Jumapili na miwani yake, na bakuli la kaimati, na pini yake ya kuzibulia koni imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa, kwani hatoki bila hiyo. Akakaa. Akaangalia hadubini kama anayekagua jiko la mtu mwingine.

Kioo nilichomtayarishia, cha jana yake, hakikuwa kimekauka. Asali tupu. Akachungulia.

"Giza."

"Bado, shangazi. Haijaanza. Tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Yenyewe ndiyo inajua."

Alikitoa kioo, akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akachomoa pini, na kabla sijasema neno akakikwaruza pembeni mwa tone, mara moja, vile anavyoanzisha kitovu cha ua kwenye kiganja.

Nilipiga kelele. Wallahi nilipiga kelele.

Akakirudisha. Tukachungulia kwa zamu. Pale alipokwaruza palikuwa na doa jeupe dogo kama kichwa cha sindano. Doa likawa duara. Duara likaanza kutoa nyuzi.

Hili nalo naliuzia watu maelezo: tone lililojaa kuliko linavyoweza kubeba linangoja mahali pa kuanzia tu, na mkwaruzo juu ya kioo, hata chembe ya vumbi, panatosha. Miaka yote nimekuwa nikiwangojea sisimizi na bahati. Haikunijia kamwe kuchukua pini.

Tulikula kaimati zote. Ilichukua karibu nusu saa ua kufika ukubwa wa kutazamika, na katika nusu saa hiyo shangazi hakunyamaza hata dakika moja isipokuwa jicho lilipokuwa kwenye hadubini. Nilimwambia, "Basi hii umeichora wewe." Hakufurahi kama nilivyodhani. Alisema yeye ameweka kitovu tu. Kitovu hata mtoto anaweka.

Msalaba

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Na huu msalaba?"

Msalaba upo. Fuwele zikikua hivi, nyuzi zikitawanyika kutoka kitovu kwenda pande zote, kwa kawaida unaona mikono minne ya giza inayokatana katikati. Wataalamu wanauita msalaba wa Malta. Katika picha zangu nyingi upo, na mimi nilikuwa nauona kama sehemu ya ua, tena sehemu nzuri, unalipa uzito.

"Mimi siwezi kuuchora huo mkononi mwa bibi harusi," akasema. "Mama yake atanifukuza."

"Nani kakuambia uuchore?"

"Lizungushe."

Hadubini yangu haina meza ya kuzunguka, kwa hivyo nikakisukuma kioo kwa vidole, polepole, na yeye jicho halitoki.

"Lizungushe tena. Pole pole. Rudisha."

Akanyamaza. Nikasikia mwadhini wa msikiti wa mtaani akijaribu maikrofoni.

"Ua lazunguka," akasema. "Msalaba hauzunguki."

Nikamwomba anipishe. Kuna uzi mmoja uliokuwa na kasoro, umevunjika katikati. Niliufuata nikiwa nazungusha. Ulitoka kwenye dhahabu, ukaingia gizani, ukazimika, ukatoka upande wa pili ukiwaka. Msalaba wenyewe ulibaki wima palepale, kama nguzo na mtu anapita nyuma yake.

Nayajua maelezo, na ningeweza kumpa papo hapo. Uzi uliolala sawasawa na mmojawapo wa vichujio hauugawi mwanga, basi unabaki mweusi. Vichujio ni viwili na vimekingama, kwa hivyo weusi una mikono minne. Ukizungusha ua, nyuzi nyingine zinafika pale na kuzimika kwa zamu yao. Weusi ni wa mahali, hauna uzi wake maalumu. Yote haya nimeyaandika kwa mkono wangu katika blogu hii, miaka miwili iliyopita, kwa michoro.

Lakini sikuwahi kuzungusha nikatazama. Nilikuwa nikizungusha ili nipate picha.

"Basi huo si wa ua," shangazi akasema, akichomeka pini yake mahali pake. "Huo ni wako. Wewe na plastiki zako."

Nikasema ndiyo.

"Na rangi?"

Nikafikiri kidogo. "Rangi ni nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu," akarudia, kama mtu aliyesikia bei inayoweza kuzungumzika. Akaomba kuona chumvi. Nikamwekea chumvi bila utando wa juu, akaitazama muda mrefu kuliko alivyotazama ua, akaniomba kalamu, akachora zile ngazi zinazobonyea nyuma ya risiti ya duka la dawa. Risiti aliondoka nayo.

Ijumaa

Ijumaa iliyopita nilimfuata kwenye kazi, nyumba ya harusi, Mji wa Kale, ghorofa ya pili, wanawake wamejaa hadi ngazini na udi umetanda. Bibi harusi alikuwa ameketi miguu imenyooshwa juu ya mto, hawezi kujikuna pua. Shangazi alikuwa mkono wa kulia.

Kwenye pingili za vidole kulikuwa na vimraba vinavyobonyea ngazi kwa ngazi. Kwenye kiganja, ua. Nyuzi zinatoka kitovuni, nyembamba mno, pande zote, hazikatiki popote. Pale ambapo katika picha yangu pana mikono minne ya giza, alikuwa amezipitisha nyuzi moja kwa moja. Na uzi mmoja, upande wa kidole gumba, umevunjika katikati.

Nikauliza kama naweza kupiga picha. "Mkono tu," akasema mama mtu, "uso usitoke."

Nilipokuwa nimeinama, bibi harusi akaniuliza kwa sauti ya chini hilo ni ua gani, maana mlangilangi anaujua, kilua anakijua, hili hajapata kuliona. Nikafungua kinywa.

Shangazi akanitangulia, macho hayajainuka kutoka kwenye ncha ya koni.

"Vitamini C."